Nyavu za Msimu Mpya

Machano, mwenyekiti wa klabu, alimmiminia Ngwali chai kwa mkono wake, kama enzi zile walipocheza kikapu pamoja.

"Mkataba wako tunauongeza, ndugu yangu, na unahodha unabaki kwako. Kamati wanamalizia tu."

Ngwali alilikanda goti lake chini ya meza. "Wale wapinzani wetu wa ng'ambo ya mto wananitaka. Wanangoja jibu leo."

"Wakatalie. Mimi nimewahi kukudanganya?"

Ngwali akatoa simu, akawapigia palepale, akawakatalia kwa adabu. Machano akashusha pumzi.

Ndipo uwanjani ikasikika ngazi ikiburutwa. Ngwali akasogea dirishani. Katika klabu ile nyavu mpya za msimu hufungwa na nahodha, na hakuna mwingine anayezigusa. Juu ya ngazi alikuwa Bakema, mchezaji ambaye Ngwali mwenyewe ndiye aliyemfundisha kurusha, nyavu zikiwa begani.

"Nani kamwambia azifunge?"

Machano alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Kunywa, ndugu yangu. Itapoa."

Ngwali akateremka uwanjani akichechemea. Bakema alipomwona, akageuka juu ya ngazi.

"Kaka, mwenyekiti alisema umeridhia."

Ngwali akasogea hadi chini ya goli. Ngazi ilikuwa ya zamani, ikiyumba kwenye sakafu. Akaishika kwa mikono yote miwili, akaikaza. Kule juu Bakema aliacha kufunga, akaukumbatia mduara wa chuma, akasubiri ngazi ivutwe.