Uvimbe Umelala

Siku hizi kila nyumba ina kioo kinachoona ndani ya kichwa. Chetu hufuatilia uvimbe mdogo ulio chini ya ubongo wangu. Daktari alisema tusiukate mpaka ubane mishipa ya macho.

"Umelala, Bi Raya," kioo huniambia kila asubuhi.

Mjukuu wangu Salme hakiamini. Husimama kando yangu nikichambua mchele, akanyoosha vidole pembeni mwa jicho langu.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Vidole vingapi?"

Nikipatia, hunibusu shavu.

Leo nilingoja. "Nyoosha basi mkono, mvivu we!"

"Nimeshanyoosha, Bibi."

Nikacheka. "Haya, nimeshindwa. Nakupa mji, chukua Tanga."

Hakutaka mji. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakielekeza kwenye kioo.

"Mwangalie tena!"

"Umelala," kikasema kioo, kwa upole uleule.