Sanduku la Tatu

Nyamoita hakuuliza mtu. Alishuka basi, akazunguka moja kwa moja nyuma ya stesheni kunawa miguu, akakuta ukutani kipande tu cha bomba kilichokatwa zamani.

"Umejuaje kulikuwa na maji huku, Magokoro?" mjukuu wake Kemuma aliuliza akicheka, akimwita nyanya kwa Kigusii.

"Mahali watu wengi wamepita hapakosi maji," nyanya alijibu. "Ama hiyo hawafundishi huko koleji?"

Kemuma hakufikiria zaidi. Tangu Jumatatu alikuwa na habari moja tu kichwani, na ilikuwa inamruka mdomoni kama bisi kwenye chungu. Koleji yao ya ualimu iliwaleta hapa kutembea. Treni ziliacha kusimama kitambo, walimu wa karibu wakaipaka stesheni chokaa, wakapanga vitu vya kale ndani, wakaiita makumbusho. Basi yeye, wenzake wakirudi kwenye gari, akachungulia chumba cha mwisho. Akaona masanduku manne ya bati, na moja limeandikwa kwa rangi nyeupe: ANGWENYI RATEMO, MANGA.

Babu yake! Yule aliyeondoka mwaka wa 1934 kufanya kazi ya reli, akaacha mke kijana na mtoto mgongoni, asionekane tena miaka arobaini.

"Alirudi, Magokoro!" Kemuma alikuwa amepiga kelele jana yake kutoka langoni, huko nyumbani Manga, kuku wakatawanyika. "Sanduku lake nimeliona kwa macho yangu! Kama alifika hadi stesheni, si anaweza kuwa mahali, mzima?"

Nyanya alikuwa ameketi juani, miguu ameinyoosha. Bado alivaa ebitinge, zile pete za chuma ambazo mwanamke wa Kigusii alivishwa miguuni akiolewa. Zilitoka siku moja tu, mume akifa. Na zikishatoka, ndugu ya mume anaingia kwenye hiyo nyumba.

Nyangau, shemeji yake, aliingoja hiyo siku mpaka meno yakaisha. Kila msimu wa mavuno alikuja na maneno yaleyale: "Huyo alikufa. Kubali tumlilie, mambo yaendelee."

Nyanya alikuwa anatikisa chuma. "Nionyeshe kaburi."

Hata kanisa lilipomwambia avue mapambo ya kale, yeye aliona afadhali akae benchi la nyuma kabisa. Nyangau mwenyewe walimzika mwezi uliopita, kabla hajavuka mlango wa nyumba ya nyanya.

Kemuma alijua atambembeleza nyanya wiki nzima ndipo akubali kusafiri. Mtu mwenyewe, kwa jinsi wote nyumbani walivyojua, hajawahi kupita soko la Ikonge! Lakini nyanya alisema, "Kesho twende." Akafunga viazi vitamu kwenye leso, na kipande cha sabuni.

"Sabuni ya nini?"

"Utaona vumbi."

Mlangoni pa stesheni walimkuta Mzee Okoth, mlinzi wa makumbusho, aliyekuwa mtu wa kupungia treni bendera hapo hapo tangu ujana.

"Karibuni, mama. Kuingia ni bure. Kutoka ndiyo shida, kwa sababu mimi huongea sana."

Akataka kuwaonyesha kengele, taa za ishara, na tikiti za wakati wa mkoloni. Kemuma alimpita, akamvuta nyanya kwa mkono hadi chumba cha mwisho. Akageuka kumwonyesha sanduku lenyewe, lakini mkono wa nyanya ulikuwa tayari juu ya lile la tatu. Dole gumba lake, lenye kovu la kisu cha kuvuna wimbi tangu usichana, kovu lililokatiza kutoka upande hadi upande, lilikuwa linapapasa kufuli.

"Tufungulie, mzee!" Kemuma alisema.

"Ufunguo hakuna. Lakini daftari la karani lipo. Kila sanduku lililobaki hapa, habari yake imeandikwa."

"Basi lete!"

Nyanya alirudisha mkono chini ya leso. "Soma wewe, mwanangu. Mimi nakaa nje kwenye benchi."

Okoth akalifungua daftari. Kemuma akafuata kwa kidole Kiingereza cha karani, akitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. Agosti 1936. Sanduku la marehemu Angwenyi. Homa. Amezikwa huko huko kazini.

Na yeye ndiye aliyekimbia na hii habari, akitawanya kuku!

Akajikaza kusoma chini. Mke amefika kwa miguu. Ameelezwa. Amelia hapa siku mbili. Amekataa kuchukua sanduku, na ameomba habari hii isipelekwe nyumbani kwao.

"Mke?" Kemuma akamwangalia Okoth. "Mke gani?"

Okoth akakuna kichwa. "Binti yangu, watu wa reli... kila stesheni mtu alikuwa na nyumba."

Kemuma akahisi moto shingoni. Miaka arobaini nyanya yake ametikisa chuma juani, akimngojea mwanaume ambaye mwanamke mwingine alishamlilia! Akaamua hapo hapo. Kifo atamwambia. Huyo mke, hapana, atakufa naye moyoni.

"Aliitwa nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakujua kuandika. Aliweka alama tu. Angalia hapo chini."

Kemuma akainama. Lilikuwa dole gumba, wino wa zambarau umefifia, na katikati yake mstari mweupe umelikatiza kutoka upande hadi upande.

Nje, kwenye benchi, chuma kimoja kilitoka mguuni, kikalia juu ya saruji. Kisha kingine.