Folda ya Ndani Kabisa

"Njia ya faili ni ndefu mno," kompyuta ikaandika tena, na mchoro wa msingi wa nyumba ukagoma kufunguka.

Mchoraji akasonya. Kwenye simu fundi alikuwa akifoka kwamba zege limeshakorogwa na hajui nondo zikae wapi. Nyuma ya kiti alisimama shemeji yake, mpima viwanja, mdogo wa mumewe. Wawili hao walikuwa wamenuniana miezi kadhaa, na ugomvi wao waliupeleka kwenye mashine waliyoshirikiana: huyu akifungua folda, yule anafungua nyingine ndani yake na kuipa jina la kumjibu.

Majina hayo, ambayo yakiunganishwa ndiyo njia ya faili, yalijipanga juu ya skrini. "Usiguse kazi zangu." "Nimegusa utanifanya nini." "Mvivu mkubwa wewe." "Ofisi si ya baba yako."

Ya ndani kabisa mchoraji hakuwahi kuiona. Shemeji aliitengeneza jana, akauhamishia mchoro humo, na ndiyo iliyozidisha urefu: "Shemeji nimekosa mimi nisamehe yaishe tufanye kazi kama zamani."

Akaisoma. Akairudia.

"Fupisha jina lolote tu," mpima viwanja akasema kwa sauti ya chini. "Itafunguka."

Kidole cha mchoraji chenye doa la wino kilitulia juu ya mausi. Mshale ukapita kwenye matusi, moja baada ya jingine, ukayaacha mazima. Ukatua kwenye folda ya mwisho. Akafuta maneno yote, akaandika herufi moja: X.

"Imefunguka," akamwambia fundi, bila kugeuka nyuma.