Mikono Iliyo Likizoni

Bangili ya uzazi ilikaa mkononi mwa Mwanakombo tangu siku aliyojifungua. Kila mwanamke aliyejiajiri alivishwa moja na serikali. Ukipumzika siku tisini, unalipwa. Mikono ikishika kazi yako ya kila siku, bangili inajua, na malipo yanakoma. Muuza mandazi hakandi unga, fundi cherehani hagusi mkasi.

Kazi ya Mwanakombo ilikuwa kukanda wanawake waliotoka kujifungua, pamoja na vichanga vyao.

Siku ya kumi na tisa mwanawe, Hidaya, aliamka tumbo limejaa gesi, gumu kama ngoma. Wifi yake, Saumu, akampaka mtoto mafuta ya nazi na kuanza kumkanda, huku Mwanakombo ameikalia mikono yake mwenyewe.

"Zungusha, wifi. Sivyo, anzia kulia."

"Si ndivyo ninavyofanya?"

"Unampapasa tu, kama unafuta meza."

Hidaya alilia mpaka sauti ikamkauka. Saumu naye machozi yakamlengalenga.

"Mchukue mwanao, wifi. Mimi nimeshindwa."

Mwanakombo alikuwa amechoka hata kuyafikiria hayo malipo. Akamlaza mtoto mapajani, akazungusha viganja mara tatu. Gesi ikatoka. Hidaya akanyamaza, akalala.

Bangili ikafunguka yenyewe, ikadondoka mkekani. Sauti ya kike, ya upole, ikasema kutoka ndani yake:

"Karibu tena kazini, Mwanakombo. Mteja wako wa kwanza ametulia. Tafadhali mrudishe kwa mama yake."