Moshi wa Sauna

Sleji za farasi, magari ya kuteleza juu ya theluji, zilikuwa zimeshashuka ziwani, zikivuka barafu kukihamishia ng'ambo kijiji kizima kilichokimbia vita, ya baba yake Hilja, mchungaji wa kanisa, ikiwa mbele. Hilja alibaki darini. Nyumba yao ya wachungaji, kongwe kuliko kanisa lenyewe, sasa ilikuwa kituo cha kuchungulia ndege za Warusi, chenye simu, na zamu ilikuwa ya Hilja. Alipumulia kioo mpaka barafu ikayeyuka na kuacha tundu la ukubwa wa jicho.

Akaona moshi uani ukitoka sauna, kibanda chao cha kuogea kwa mvuke. Akafungua dirisha.

"Bibi! Unawasha sauna mchana kweupe hivi? Moshi huo unaonekana mpaka Moscow!"

"Basi wajue tunaoga!" Bibi alijibu kutoka mlangoni mwa sauna. "Mimi siingii kwa watu na jasho la jana. Ukiona ndege piga kelele, ndoo ya kuzimia moto ninayo hapa."

"Mtu mkaidi, hata kifo kitamsubiri aoge," Hilja alinung'unika, akafunga dirisha.

Ndege tatu zikatokeza juu ya misonobari, zikaelekea kwenye sleji. Hilja akapiga simu ng'ambo kutoa habari, kisha akashika komeo la dirisha ampigie Bibi kelele.

Ndipo ndege ya kwanza ikainama, ikaziacha sleji, ikaufuata moshi. Nyingine mbili zikaifuata.

Komeo lilikuwa la chuma, limeganda, likanasa ngozi ya vidole vyake. Akazitazama sleji, akaikumbuka ile ndoo ya Bibi, na komeo hakulifungua.

Watu wa sleji walifika wote. Nyumba ilichomwa jioni na askari wa kwao wenyewe, adui asiipate. Bibi hakuzikwa, maana mabomu hayakuacha cha kuzika. Hilja aliishi mjini hadi uzeeni, akioga kwa beseni.