Sawa na Mabruki

Bi Saada aliibandua orodha ya malipo mlangoni mwa ofisi, akaingia nayo, ufagio bado kwapani.

"Mwalimu Zubeir, hii nini? Wahudumu wa mazingira skuli hii tuko wawili tu. Mabruki laki tatu, mie laki na nusu. Kwani taka zangu hazinuki?"

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Mabruki ana nguvu, Bi Saada."

"Nguvu! Mie nafagia, nazoa, nachambua plastiki, namwagilia miche mia mbili. Yeye kazi yake kupeleka taka shimoni na kurudi. Jua likipanda, yuko kivulini. Akikohoa mara moja, daktari huyo kutoka Chake. Mie nilipopata homa mkanikata siku tatu!"

"Mabruki kaletwa na mradi."

"Na mie kanileta nani? Upepo?"

Alikuwa na haki ya kuwaka. Paa lake la makuti pale Mtambile limeoza, masika yamebaki mwezi na siku. Mabati yalitaka laki tatu kamili.

Kamati ikakaa Jumamosi. Mzee Nyange, mwenyekiti, mtu asiyeamini neno mpaka liandikwe, akamsikiliza hadi mwisho. Mabruki hakuja, wala hapana aliyemngoja.

"Basi unataka nini hasa, mwanangu?"

"Apatacho Mabruki, nami nipate. Kisizidi, kisipungue."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, Mzee wangu. Andika."

Ikaandikwa, ikapigwa muhuri. Wanawake waliojazana dirishani wakapiga vigelegele. Bi Saada alipitia dukani moja kwa moja, akachagua mabati yake, akayatia alama ya chaki asije mtu akayachukua.

Mwisho wa mwezi alifika kabla ya kengele, kajitanda kanga mpya. Mwalimu Zubeir akamchukua mpaka nyuma ya madarasa, akamfungulia daftari. Bi Saada akatia saini, akakinga mkono.

"Bahasha yangu?"

"Bahasha ya nini tena? Haki yako hiyo hapo, ya laki tatu, haikupungua hata shilingi."

Ilikuwa mizigo ishirini ya majani mabichi, magunia manne ya pumba na chupa ya dawa ya kupe. Upande wa pili wa ua, Mabruki aliacha kucheua, akainua pembe, akayatazama majani ya mwenzake.