Boga la Mjukuu

Bi Rukia alikuja kumchukua mjukuu wake wa miezi saba, kwa kuwa binti yake alikuwa bado amelazwa hospitali na yeye hakuamini kwamba mwanamume angeweza kumlisha mtoto. Mkwewe, Shekue, hakubisha. Aliepua boga, akaliponda, akalilainisha kwa maziwa, akaonja.

"Bado lina moto, mama," alisema, akalipuliza.

Mtoto alitema kijiko cha kwanza. Cha pili akameza, akauvuta mkono wa baba yake.

"Nani amekufundisha?" Bi Rukia aliuliza.

"Mwanao. Ananielekeza kwa simu kila siku."

Bi Rukia aliketi mkekani, akampakata mtoto.

"Haya, mlishe," alisema.

Kila kijiko kilipokaribia, midomo yote mitatu ilifunguka pamoja.